Maoni: Pano za jua ziko, umeme hauko. Tuache kuzindua, tuanze kutunza

Ukitoka Likasi kuelekea Kapolowe, kabla ya kufika kwenye ziwa Tshangalele, kuna kijiji kimoja ambacho sitakitaja jina. Kituo chake cha afya kina vyumba vitatu na bati zilizoanza kushika kutu. Juu ya bati hizo kuna pano sita za jua. Ukizitazama kutoka barabarani utasema: hapa maendeleo yamefika. Mimi nilifika pale saa moja ya jioni, mwezi wa tisa, wakati vumbi la kiangazi limefunika kila kitu. Ndani kulikuwa giza. Muuguzi alikuwa anamshona mama aliyejifungua jioni ileile, na simu yake alikuwa ameishika kwa meno ili imwangazie.

Kando ya mlango kulikuwa batri nne kubwa. Mbili zilikuwa zimevimba. Kuku alikuwa ametaga katikati yake. Mzee anayelinda kituo alinipa habari yote kwa maneno machache: "Mwanangu, jua liko, pano ziko, umeme hauko."

Nilimuuliza umeme ulikufa lini. Akasema uliwaka vizuri misimu miwili ya mvua, ukafifia msimu wa tatu, wa nne ukazimika kabisa. Nilimuuliza nani aliitwa kuja kuutengeneza. Akacheka. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye kibao cha wafadhili haipatikani tena. Lakini kibao chenyewe kingali kinang'aa.

Sitaji kijiji wala waliotoa vifaa, kwa sababu kisa hiki si cha kijiji kimoja. Yeyote anayezunguka teritware ya Kambove, au anayeshuka upande wa Mitwaba na Pweto, ameona pano za namna hiyo: kwenye shule, kwenye kisima, kwenye taa ya barabarani ambayo siku hizi ni nguzo ya kufungia mbuzi. Tumezizoea kiasi cha kutouliza. Mimi nataka tuulize.

Hoja yangu ni hii: umeme wa jua vijijini haufi kwa sababu jua ni teknolojia mbaya, wala kwa sababu wanakijiji ni wajinga. Unakufa kwa sababu sisi sote, serikali, mashirika, makampuni ya madini, hata sisi waandishi wa habari, tunahesabu pano zilizozinduliwa. Hakuna anayehesabu taa zinazowaka baada ya miaka mitano.

Kwa nini hatuwezi kungoja nyaya za SNEL

Kuna watakaosema: acheni pano, dawa ni SNEL kufikisha umeme wa kweli. Ningependa iwe hivyo. Lakini tuangalie historia yetu wenyewe.

Karibu na kijiji kilekile zinapita nyaya za umeme mkubwa. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930. Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo, ilifuata mwaka 1950. Yote mawili yalijengwa ili kulisha viwanda vya shaba. Ziwa Tshangalele lenyewe ni maji yaliyozuiwa na ukuta wa Mwadingusha. Maana yake ni kwamba mvuvi anayetupa nyavu zake pale usiku, akiwa na toshi ya mkono, anavua juu ya ghala la umeme. Karibu miaka mia moja imepita, na umeme huo bado unapita juu ya nyumba yake kwenda mahali pengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mstari mwingine, ule wa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1.700, unaokata nchi kutoka magharibi mpaka kusini. Ni umeme wa aina ambayo huwezi kuuchota njiani bila kujenga kituo cha gharama kubwa sana. Basi vijiji vyote vilivyo chini yake vikabaki kuutazama. Na hivi karibuni, mwaka 2021, Mwadingusha ilipomaliza kukarabatiwa na kurudi kutoa megawati 78, pesa za ukarabati zilikuwa zimetolewa na wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, kwa makubaliano na SNEL, na mgodi ndio uliopata haki ya kwanza ya umeme huo. Silaumu mgodi. Uliona shida yake, ukalipa, ukahudumiwa. Lakini hiyo inatuonyesha foleni ilivyo, na kijiji kiko wapi kwenye foleni.

Katika nchi nzima, karibu mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme. Vijijini ni karibu mtu mmoja kati ya mia. Sheria ya mwezi wa sita 2014 iliondoa SNEL peke yake kwenye kazi hii na kufungua mlango kwa wengine. Baadaye ikaundwa ANSER, shirika la serikali la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji, na ARE, la kusimamia bei na leseni. Mwezi wa kwanza 2025, mjini Dar es Salaam, Kongo ilikuwa kati ya nchi 12 za kwanza zilizoahidi mbele ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwamba zitaharakisha: lengo letu ni kufikia karibu asilimia 62 ya raia kabla ya mwaka 2030 kwisha.

Mtu asidanganyike. Kutoka asilimia 20 na kidogo mpaka 62 kwa miaka michache, katika nchi yenye barabara tunazozijua, hakutafanyika kwa nguzo na nyaya peke yake. Sehemu kubwa itakuwa pano za jua. Maana yake pano nyingi zinakuja, nyingi kuliko tulizowahi kuona. Kama tutaziweka kwa namna tuliyoweka zile za kwanza, mwaka 2030 tutakuwa na makaburi ya batri kila kijiji, na kwenye karatasi tutaandikwa kwamba tuna umeme.

Batri ndiyo inayoua

Tuseme ukweli wa kifundi, kwa maneno ya kawaida.

Pano nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25. Haina kitu kinachozunguka, haili mafuta. Ukiielekeza vizuri, huku kwetu kusini mwa ikweta ikitazama kaskazini, na ukiipangusa vumbi la kiangazi, inakupa umeme karibu kila siku ya mwaka. Katanga ina jua la kutosha, hata misimu ya mvua.

Batri ni jambo lingine. Batri za risasi, ndizo nyingi vijijini, huishi miaka mitatu mpaka mitano zikitunzwa. Zisipotunzwa hazifiki miwili. Batri ya namna hii haitaki kumalizwa: ukiitumia zaidi ya nusu ya nguvu yake kila usiku, unaiua polepole. Na nyingine zinazouzwa sokoni kama batri za jua ni batri za gari tu, zilizotengenezwa kwa kuwasha injini, si kwa kuwasha taa usiku kucha.

Sasa fikiri kituo cha afya. Fundi aliyeweka vifaa alipiga hesabu ya taa sita na redio moja ya mawasiliano. Mwezi wa pili muuguzi anachaji simu yake. Mwezi wa tatu majirani wanachaji zao, kwa sababu ni nani atamkatalia jirani? Mwezi wa sita kuna televizyo, kwa sababu kuna mechi ya Mazembe. Kifaa kinacholinda batri kinakata umeme kila saa tatu ya usiku, watu wanachoka, kijana mjanja anakiruka kwa waya. Umeme unarudi usiku kucha, wote wanamshukuru. Miezi minane baadaye batri zimevimba.

Je, kijana huyo ana kosa? Nadhani hapana. Hakuna aliyemweleza kifaa kile ni cha nini. Fundi alikuja siku mbili, alizungumza Kifaransa na mkuu wa kituo, akapiga picha, akaondoka. Mwongozo wa matumizi uko ndani ya kabati, kwa Kiingereza na Kichina. Mkuu wa kituo aliyepewa maelezo alihamishwa mwaka uliofuata.

Basi, batri itakufa. Hilo si ajali, ni jambo linalojulikana tangu siku ya kwanza, kama vile gurudumu la baiskeli linavyojulikana litaisha. Anayenunua baiskeli anajua atanunua gurudumu. Anayejenga umeme wa jua kijijini, mbona hapangi batri ya pili?

Hesabu ambayo hakuna anayeifanya

Wengi hunijibu: wanakijiji ni maskini, hawawezi kulipa. Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu.

Tuseme batri nne mpya, pamoja na kuzisafirisha, zinagharimu dola 800. Tuseme zitadumu miaka minne, yaani miezi 48. Ni karibu dola 17 kwa mwezi. Kama kijiji kina nyumba 60, ni senti 28 za dola kwa kila nyumba kwa mwezi. Hazifiki franga 1.000.

Sasa weka upande wa pili. Mama anayepeleka simu kuchaji kwenye kibanda cha barabarani kwa franga 500, mara tatu kwa wiki, anatumia franga 6.000 kwa mwezi. Hapo sijahesabu batri ndogo za toshi zinazokufa kila wiki, wala mishumaa, wala mafuta ya taa. Kijiji hicho kinachoitwa maskini kinalipia mwanga kila siku, tena kwa bei ghali kuliko mtu wa Lubumbashi. Kinalipa vipande vipande, kwa watu mbalimbali, bila kupata umeme.

Kwa hiyo mara nyingi shida si pesa, ni sanduku la kuzitia, na kuaminiana juu ya sanduku hilo. Na hapa niseme wazi: wanakijiji wana sababu ya kutoaminiana. Wameona kamati za kisima, kamati za shule, kamati za mashine ya kusaga, na wameona mwenye daftari akijenga nyumba. Kamati nyingine ya watu kumi na wawili, iliyochaguliwa siku ya uzinduzi ili ipigwe picha, haitaleta batri.

Wengine watasema pia: watu huiba pano. Ni kweli, zinaibwa, na waandishi tumeripoti. Lakini angalia kinachoibwa. Pano ya papa anayeuza soda baridi kandokando ya barabara haiibwi kirahisi, kwa sababu ana macho juu yake usiku na mchana. Pano ya shule iliyozimika miaka miwili inaibwa, na hakuna anayepiga kelele. Kitu cha zawadi kisichofanya kazi hakina mwenyewe.

Wanaofaulu wanauza nini?

Tuangalie mahali ambapo umeme wa jua unadumu.

Mwaka 2025 Kamoa-Kakula ilisaini mkataba na kampuni ya CrossBoundary Energy: megawati 30 za umeme wa jua, usiku na mchana, pamoja na batri kubwa. Zingatia jambo moja. Mgodi haununui pano. Unanunua umeme. Pano zikijaa vumbi, batri ikichoka, hiyo ni shida ya muuzaji, kwa sababu asipotoa umeme halipwi. Wanaojua hesabu wamechagua kulipia huduma, wakaacha vyuma kwa mwenye navyo.

Kwenye Kivu, kampuni ya Nuru ilianza Beni mwaka 2017 na mtandao mdogo, kisha mwaka 2020 ikawasha Goma kituo cha jua cha megawati 1,3. Mteja analipia anachotumia, na kampuni ina mafundi wake mjini. Manono, kwa ndugu zetu wa Tanganyika, ilipata kituo cha jua cha megawati 1 na batri zake. Kwa wale wa nyumba mojamoja, kuna makampuni kama Altech, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Wakongomani wawili waliokulia ukimbizini Tanzania, ambao wanauza taa na vifaa vya jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Anayeuza kwa mkopo wa miezi mingi ana sababu ya kuhakikisha taa inawaka, kwa sababu ikizima, mteja haleti pesa.

Sisemi biashara ndiyo dawa ya kila kitu. Kuna mipaka mitatu ambayo lazima tuiseme.

Kwanza, kampuni inaenda kwenye wateja wengi. Goma ina watu wengi karibu karibu. Kijiji cha nyumba 60 nyuma ya Kapolowe hakina. Pili, umeme wa mtandao mdogo ni ghali kwa uniti moja kuliko ule wa SNEL, na ni ajabu kwamba maskini wa kijijini ndiye alipe zaidi ya tajiri wa mjini. Tatu, vifaa vya mkopo vinajifunga vyenyewe usipolipa, na familia iliyolipa miezi mingi inaweza kulala gizani kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya.

Lakini hata kushusha bei kunataka akili. Mwaka 2020 serikali ya Tanzania iliagiza makampuni ya mitandao midogo ya vijijini yauze umeme kwa shilingi 100 kwa uniti, wakati yalikuwa yanauza kwa bei ya juu mara nyingi zaidi. Raia walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini nani atalipa tofauti? Makampuni yakabaki na hasara, wawekezaji wakaogopa. Kama serikali inataka bei ya chini, na ni vizuri itake, lazima ilipe pengo. Agizo peke yake halinunui batri.

Na kuna huduma ambazo hazipaswi kungoja mteja. Chumba cha kuzalia, friji ya chanjo, darasa la jioni: hivyo ni wajibu wa serikali. Mama hawezi kuambiwa atume pesa kwa M-Pesa kwanza ndipo taa iwake juu ya kitanda cha uzazi.

Pesa ziko kwenye ardhi yetu

Najua jibu la viongozi: hazina ni tupu. Kwa Haut-Katanga na Lualaba, jibu hilo ni gumu kulikubali.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inasema mrabaha wa madini unagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mtaa, sekta au sheferi ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyohiyo inailazimisha kampuni ya madini kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazozunguka mgodi, mbali na yale iliyoandika kwenye daftari lake la ahadi. Na kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inalipiwa mrabaha wa asilimia 10.

Kwa hiyo kuna pesa ambazo kisheria hazipaswi hata kupita Kinshasa. Swali ni zinatumika kwa nini. Mara nyingi zinajenga: ofisi, darasa, uzio, tena pano mpya karibu na pano zilizokufa. Kujenga kunaonekana. Kununua batri ya pili hakuna utepe wa kukata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta kila baada ya miaka minne, na kila mara tunaalika kamera.

Ninachopendekeza

Sipendekezi miujiza. Napendekeza mambo matano ambayo yanaweza kuanza hapa Likasi na Kambove bila kungoja mtu.

Moja. Hakuna uzinduzi bila mkataba wa matunzo wa miaka mitano. Anayeleta pano aseme kwa maandishi ni fundi gani atakuja, baada ya siku ngapi, na nani anamlipa. Mkataba ubandikwe ukutani kwa Kiswahili. Na malipo ya mwisho ya mwenye kazi yabakizwe mpaka taa ziwe zimewaka mwaka mzima.

Mbili. Kila sheferi na sekta inayopata sehemu ya mrabaha iweke kwenye bajeti yake mstari unaoitwa batri, kwa vituo vya afya na shule. Kwa nyumba za watu na biashara, pesa za wanakijiji ziwekwe kwenye simu, kwa akaunti inayofunguliwa na watu watatu kwa pamoja, angalau mmoja wao mwanamke anayeuza sokoni, na salio litangazwe kila mwezi kanisani na kwa mfumu. Anayechaji simu kwenye kituo cha afya alipe pia, kwenye sanduku hilohilo.

Tatu. Tufundishe mafundi wetu. Likasi si mji wa kutafuta mafundi ugenini. Ni mji uliokua na viwanda vya Shituru na Panda. Una Chuo Kikuu chake, una shule za ufundi, una wazee waliofunga mota za Gécamines na leo wanarekebisha redio kwenye baraza za Kikula. Kijana mmoja mwenye pikipiki, kipimo cha umeme na vipuri, anaweza kuhudumia vituo kumi. Na asiwe kijana wa kiume tu. Kule Kinyasini, Unguja, kituo cha Barefoot kinafundisha akina mama wa vijijini, wengi wao hawakumaliza shule, kufunga na kutengeneza taa za jua. Faida ni kwamba mama mwenye watoto na shamba kijijini hahami kirahisi akishapata ujuzi.

Nne. Tuchague vifaa vinavyofaa. Kwa miaka ya karibuni Kongo imepokea maelfu ya friji za chanjo za jua ambazo hazina batri kabisa: mchana jua linagandisha barafu, usiku barafu inalinda chanjo. Wamemwondoa yule anayekufa kwanza. Kwa taa, batri za lityumu ni ghali kununua lakini zinaweza kufika miaka kumi. Na eneo moja la afya litumie aina moja ya vifaa, ili kipuri cha hapa kifae kule. Leo kila shirika linakuja na aina yake, na fundi anahitaji ghala la vipuri kwa vijiji vitatu.

Tano. Batri iliyokufa irudi. Hili hatulizungumzi, na linanitia hofu. Ndani ya batri za kawaida kuna risasi na asidi. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya risasi ya batri za zamani zilizokuwa zinavunjwa mtaani. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha batri kiliwatia sumu wakaaji, na ilihitaji miaka ya mapambano ya mama mmoja, Phyllis Omido, mpaka mahakama ikaamua mwaka 2020 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3. Hata baada ya hapo kesi ikaendelea kwenye rufaa. Sisi wa Likasi tunajua vumbi la viwanda lina maana gani kwa mwili. Tusiingize sumu nyingine kwa mlango wa maendeleo. Anayeuza batri mpya achukue ya zamani na kukata bei kidogo. Ni sheria rahisi ambayo jimbo linaweza kuiandika kwa ukurasa mmoja.

Na sisi waandishi

Nimalize kwa kujilaumu. Nimeandika habari za uzinduzi zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Nimekunywa soda chini ya hema, nimeandika idadi ya pano na jina la mheshimiwa, nimepanda gari la mwaliko kurudi mjini kabla ya giza kuingia. Kabla ya giza: yaani sikuona hata mara moja taa hizo zikiwaka. Kijiji nilichoanza nacho nilikifikia kwa pikipiki ya kukodi, kwa sababu hakuna anayemwalika mwandishi kuja kuona batri zilizovimba.

Tangu siku hiyo nimejipa utaratibu. Nikialikwa kwenye uzinduzi, naandika tarehe kwenye kalenda ya simu, miaka miwili mbele, nirudi kuangalia. Ningependa wenzangu wafanye vilevile. Ningependa mashirika ya raia ya Likasi yatengeneze orodha: kijiji gani, pano ngapi, ziliwekwa mwaka gani, zinawaka au hazizwaki. Orodha hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji simu na watu wa kupiga.

Nawe msomaji, kama unaishi kijijini, au mama yako anaishi huko, una kazi moja ndogo. Siku gari zikija, hema likifungwa, muziki ukipigwa, na mheshimiwa akishika mkasi, inua mkono kwa heshima na uulize swali moja tu: batri ya pili iko wapi?

Akiwa na jibu, mpigie makofi. Akikosa, usikasirike, lakini asiondoke kabla hajaacha namba ya simu inayopatikana.